Mtihani wa Mwili na Mizani ya Shukrani

KHUTUBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binaadamu akamsimamisha kwa kimo kilichonyooka, akampa mifupa ya kumbeba na viungo vya kuinama na kuinuka. Tunamshukuru katika siha na katika maradhi, katika wasaa na katika dhiki. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, asiye na mshirika. Na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunakuusieni nyinyi, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, khasa mnaotusikiliza hali ya kuwa mmelala vitandani na hamkuweza kuja! Khutuba yetu ya leo ni juu ya mtu ambaye jana alikuwa akienda kwa miguu yake, na leo hawezi kujigeuza ubavu. Tutasema juu ya mgongo uliovunjika, na juu ya namna mja anavyopaswa kuupima msiba wake, asiupunguze wala asiuzidishe.

Tunaanza kwa kutazama neema yenyewe, kwani neema haijulikani ila inapoondoka. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amesimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kila binaadamu ameumbwa juu ya viungo 360, na katika hadithi nyingine tumefundishwa kwamba kila kiungo kina sadaka yake kila siku lichomozapo jua. Basi hebu utazameni uti wa mgongo peke yake. Mtoto huzaliwa na pingili 33, na akishakua baadhi yake huungana, akabaki na mifupa 26: saba ya shingo, 12 ya kifua, mitano ya kiuno, na miwili ya chini iliyofanyika kwa pingili zilizoshikana, wa mwisho ukiwa ni kifandugu. Ndani ya pingili hizo umepita mshipa mkuu wa fahamu, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Kwa mshipa huo ubongo huamrisha mguu ukaenda, na mguu hupeleka habari ya mwiba uliouchoma. Ukikatika, hauungiki kama uungavyo mfupa. Ni nani kati yetu aliyeinuka alfajiri ya leo akamshukuru Mola wake kwa kitu chembamba kama hicho?

Sisi tunaosema nanyi hatukuwa katika wenye kushukuru. Na kwa kuwa mwenye kusimulia aliyoyaona hufahamika upesi, tutakusimulieni yaliyotufika wenyewe.

Tulikuwa vijana kisiwani Pemba, wanafunzi wa chuo, na ulipowadia msimu wa karafuu tulikwenda mashamba kama waendavyo vijana wote, ili tupate nguo ya Sikukuu na kuwasaidia wazee wetu. Mkarafuu mkubwa hupita urefu wa mita 10, na tawi lake lina tabia moja ambayo kila mchumaji anaijua: halipindi likakuonya, bali huvunjika kwa ghafla. Tulikuwa tumelifikia shada la mwisho. Wenzetu waliokuwa chini walituita tushuke, kwani tulikuwa hatukujifunga kamba. Sisi tukawajibu kwa kiburi cha ujana. Tawi likakatika. Tukaangukia matako na mgongo, na pale pale tukajua kwamba kuna kitu kimevunjika ndani yetu.

Watu walitukimbilia kwa huruma. Wakatukamata, huyu mikono na yule miguu, wakatubeba kama libebwavyo gunia mpaka barabarani. Walikuwa watu wema, na hawakujua. Daktari alipotupima alisema kwamba pingili moja ya kiuno imevunjika, lakini mshipa wa fahamu umesalimika, na kwamba kwa namna tulivyobebwa ni fadhila ya Mwenyezi Mungu kuwa haukukatika njiani. Tukalazwa chali juu ya ubao kwa wiki nane.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Wiki nane ni siku 56. Mtu mzima anaziona ni chache. Kwa aliyelala chali, anayelishwa kwa kijiko na kusaidiwa haja zake na watu wa mbali, siku moja ina urefu wa mwezi. Maumivu yalikuwa makali. Lakini tunakiri mbele yenu kwamba aibu ilituumiza zaidi kuliko mfupa. Na aibu ile ikatuingiza katika kosa kubwa: tuliacha Sala. Tulijiambia kwamba Sala ni kusimama, na kurukuu, na kusujudu. Na mtu aliyelala, ambaye nguo yake hana hakika nayo na maji hayafikii, atasali Sala gani? Tukasema tutalipa tutakapopona. Tulidhani kwamba tunaiheshimu Sala, kumbe tulikuwa tunaukasirikia uamuzi wa Mola wetu.

Tena palikuwa na jambo la pili, na hili ni zito zaidi kulisema. Katika kitanda cha jirani alilazwa mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wadogo. Naye alibebwa kama tulivyobebwa sisi, na alipofika hospitali miguu yake ilikuwa haina habari. Jioni moja tukamsikia daktari akimwambia kwamba hatakwenda tena kwa miguu. Usiku ule, ndugu zetu, sisi tulipata faraja. Tulisema katika nafsi zetu: Alhamdulillahi, sisi si kama yule. Tukalala usingizi mzuri, usingizi wa kwanza tangu kuanguka. Na yeye kitandani kwake hakulala.

Asubuhi akaja kututazama mzee wa mtaani kwetu aliyetusomesha tangu alifu. Tulimweleza yote mawili: kwamba hatusali, na kwamba tumepata raha baada ya kusikia habari ya mwenzetu. Tulidhani kwamba la pili atalisifu, kwa kuwa tumemshukuru Mungu. Mzee yule alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, yote mawili umeyapindua. Ulipotakiwa upunguze, umeacha kabisa. Na ulipotakiwa ushukuru, umekula msiba wa mwenzio."

Akatufundisha habari ya Imran bin Husain, Sahaba wa Mtume (S.A.W.). Imran alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume juu ya Sala yake. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, asali kwa kukaa, na asipoweza, asali kwa ubavu. Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari. Wanazuoni wakaeleza kwamba asiyeweza hata ubavu atasali chali, atarukuu na kusujudu kwa ishara ya kichwa, na akishindwa kwa kichwa basi kwa macho, na akishindwa kwa macho ataipitisha Sala moyoni mwake. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu. Tazameni ngazi hii, namna inavyoshuka daraja baada ya daraja, wala haikatiki maadamu akili ipo. Imran mwenyewe aliugua miaka mingi, na katika maradhi yake aliendelea kuwa mwalimu wa watu wa Basra.

Kisha mzee akatukumbusha hadithi aliyoisimulia Abu Musa Al-Ash'ari, kwamba mja anapougua au anaposafiri huandikiwa thawabu za yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi. Basi kijana aliyekuwa akienda msikitini kila alfajiri, naye leo amefungwa kitandani, safu yake haikupotea. Akasema: "Wewe ulidhani Mola wako amekufungia mlango. Mlango uko wazi, ila umeinamishwa ili apite aliyelala." Siku ile ile tukatayamamu, tukasali Adhuhuri kwa ishara ya kichwa, na machozi yakatuingia masikioni kwa kuwa tulikuwa chali.

Ama lile la pili, mzee alitueleza hivi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, wala tusimtazame aliye juu yetu, na sababu yake ameitaja mwenyewe, nayo ni kwamba kufanya hivyo kunatuzuia tusiidharau neema ya Mwenyezi Mungu tuliyonayo. Hii ndiyo mizani ya shukrani. Lakini mizani ina vitanga viwili. Katika kitanga kimoja utaona ulichobakiziwa. Katika kitanga cha pili utaona deni. Ukimtazama aliye chini yako, ukasema Alhamdulillahi, kisha ukageuza uso, hukushukuru, umejifariji tu. Kama mguu wako umebaki na wa jirani yako umekwenda, basi katika mguu wako ipo haki yake.

Ndugu Waislamu! Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia habari ya Urwa bin Zubayr, mmoja wa wanazuoni saba wakubwa wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, na safarini mguu wake ukaingia donda baya, ikawa hapana budi kuukata. Katika safari hiyo hiyo mwanawe akapigwa teke na mnyama katika banda la wanyama, akafariki. Urwa alirejea Madina bila ya mguu na bila ya mwana. Akamshukuru Mola wake kwamba alikuwa na viungo vinne, kimechukuliwa kimoja na vimebakishwa vitatu. Na alikuwa na watoto, amechukuliwa mmoja na wamebakishwa wengine. Angalieni sana: Urwa hakusema kwamba mguu si kitu, wala kwamba mtoto si kitu. Alihesabu kilichokwenda, kisha akahesabu na kilichobaki. Wengi wetu tunahesabu upande mmoja tu.

Wala kuhesabu huku hakumkatazi mgonjwa kulia. Nabii Ayubu, amani iwe juu yake, alimlilia Mola wake kwamba dhara imemgusa, na Qur'ani ikamsifu kwa subira. Nabii Yakubu alishitaki huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu, akalia mpaka macho yake yakaingia weupe, wala hakutoka katika safu ya wenye kusubiri. Aliyevunjika mgongo akisema "naumwa" hakukufuru. Subira si kuwa jiwe; subira ni kutoukata uzi ulio baina yako na Mola wako.

Na katika Suratul-Inshirahi Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume wake kwamba amemwondolea mzigo uliokuwa ukiulemea mgongo wake, kisha anamhakikishia, mara mbili, kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Hakusema baada ya uzito tu, bali pamoja nao. Wepesi wetu ulikuwapo chumbani tangu siku ya kwanza: ulikuwa katika mikono ya waliotulisha, na katika rukhsa ya Sala, na katika ulimi wa yule mzee. Sisi tulikuwa tukiungojea mlangoni.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kughufiria, Mwenye kurehemu.

KHUTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tuliinuka baada ya wiki nane tukiwa wembamba wa miguu kama watoto. Tukavishwa mkanda mgumu wa kiuno, tukafundishwa kukaa, kisha kusimama, kisha kwenda kwa magongo. Siku ya kwanza tulikwenda hatua nne. Ilipita karibu mwaka mzima kabla ya kuweza kusujudu juu ya ardhi, na mpaka leo, katika baridi ya kipupwe, pingili ile hutukumbusha ahadi yetu. Hatukurejea kama tulivyokuwa. Mwenye kupona asidhani kwamba kupona ni kurudishiwa kila kitu.

Na yule mwenzetu mkwezi? Aliishi miaka 11 baada ya kuanguka. Tulipoweza kwenda tulimwendea, mwanzo kwa haya, kisha kwa mapenzi. Tulishirikiana na ndugu zake katika kumgeuza na kumwosha, na siku za Ijumaa tulimpeleka msikitini katika kigari cha mkono. Akawa anatengeneza nyavu za wavuvi kitandani kwake na kuwasomesha wanawe. Siku moja tulimwungamia juu ya usiku ule tulioupatia raha katika msiba wake. Akacheka akasema: "Mimi usiku ule nilikuwa namwombea maiti aliyetolewa chumba cha pili. Kila mtu ana wa chini yake, Maalim." Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kutokana na haya, tunakunasihini mambo manne.

La kwanza: jifunzeni kumbeba aliyeanguka. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti, au aliyepinduliwa na gari, akilalamikia shingo au mgongo, au akisema miguu ina ganzi, msimnyanyue kwa mikono na miguu, msimkalishe, wala msimsimamishe ili kumjaribu. Mwacheni alale pale pale, isipokuwa ikiwa hapo alipo pana moto au hatari nyingine. Mmoja akishike kichwa chake kisigeuke, na watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, mwili mzima kama gogo moja, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Ndipo apelekwe hospitali, wala asipelekwe kwanza kwa mkandaji. Anayeuhifadhi uhai wa mtu mmoja Qur'ani imemfananisha na aliyewahifadhi watu wote. Na huenda kuuhifadhi huko kukawa ni kutofanya haraka.

La pili: mwenye kupooza ahudumiwe kwa ujuzi. Zamani watu waliovunjika uti wa mgongo na kukatika mshipa wa fahamu walikufa kwa wingi, si kwa kuvunjika kwenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo na kibofu. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliamuru wagonjwa wa namna hiyo wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na wapewe kazi na michezo badala ya kuachwa wangoje mauti. Wakaishi. Mashindano aliyowaanzishia mwaka 1948 ndiyo chanzo cha michezo ya walemavu ya dunia nzima, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili hakuhitaji mashine wala fedha. Kunahitaji ndugu wanaopeana zamu. Je, mitaa yetu imekosa ndugu?

La tatu: mzuruni mgonjwa kwa adabu. Msimwambie, "Shukuru, fulani ni mgonjwa kuliko wewe." Maneno hayo ni ya mgonjwa kujiambia mwenyewe, yakitoka kwa mtu mzima aliyesimama juu ya miguu miwili huwa ni fimbo. Wala msimwulize ni nani aliyemroga, mkazua uadui baina yake na majirani. Kaeni kidogo, mwombeeni dua, mpeni maji ya kunywa, mtazameni mkewe ana unga wa usiku au hana. Na msikitini, mkimwona mtu anasali juu ya kiti, msimtazame kwa jicho la dharau. Kiti hicho ni katika ngazi ile ile aliyoonyeshwa Imran bin Husain. Mpeni nafasi katika safu.

La nne: fungeni ngamia kisha mtegemee. Enyi wachumaji na wakwezi, jifungeni kamba, wala msilikanyage tawi msilolijaribu. Enyi wenye mashamba, msimpandishe mtoto juu ya mti kwa ajili ya pishi moja zaidi. Karafuu huchumwa kila msimu, na uti wa mgongo mtu amepewa mmoja.

Enyi vijana wanafunzi mliosimama leo bila ya maumivu! Usiku huu, kabla ya kulala, hesabuni. Hesabuni mlichobakishiwa, kisha mtafuteni mtu mmoja katika mtaa wenu asiyeweza kuinuka, na kesho mwendeeni.

Ewe Mola wetu! Waponye wagonjwa wetu, na wagonjwa wa Waislamu wote. Wape subira waliovunjika, na uwape nguvu wanaowahudumia usiku na mchana, wake na mama na ndugu ambao migongo yao inauma kwa kuwainua wengine. Ewe Mola wetu! Usitutwishe tusiyoyaweza. Tughufirie kila usiku tulioupatia raha katika taabu ya wenzetu. Warehemu wazee wetu na walimu wetu, wahai wao na maiti wao. Na utujaalie katika siku ya mwisho tuwe miongoni mwa watakaosimama mbele yako kwa miguu iliyothibiti. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mkumbukeni Mola wenu, naye atakukumbukeni. Simameni kwa Sala. Na asiyeweza kusimama, na akae.